Kuongoza filamu ukiwa Lubumbashi: mwongozo kamili kuanzia wazo hadi tamasha

Kijana wa Lubumbashi akitaka kuwa mwongozaji wa filamu, swali lake la kwanza huwa ni kamera ipi anunue. Akipata pesa kidogo anaulizia kamera, zikiongezeka anaulizia droni. Mwigizaji hamuulizii. Nami nasema wazi: filamu nyingi za hapa kwetu haziharibiwi na kamera. Zinaharibika kwa sababu waigizaji wameachwa wajitafutie wenyewe la kufanya, na kwa sababu maneno yao hayasikiki. Yote mawili ni kazi ya mwongozaji, na yote mawili unaweza kuyajifunza hapa hapa mjini, hata kama huna senti ya kununua lenzi.

Nitafuata safari ya filamu fupi ya kuigiza, dakika kumi hivi. Hiyo ndiyo filamu ya kwanza ambayo mtu anaweza kuianza na kuimaliza, na filamu iliyomalizika inakufungulia milango ambayo cheti pekee hakikufungulii.

Kazi yenyewe

Mwongozaji ndiye anayeamua mtazamaji ataona nini, atasikia nini, kwa mpangilio gani, na hadithi itafuatwa kwa macho ya nani. Mtayarishaji anatafuta fedha na kusaini mikataba. Mpigapicha anashughulika na kamera na mwanga, mtu wa sauti na maikrofoni zake. Msaidizi wa kwanza anapanga ratiba na kuhakikisha siku inasonga. Kuna pia yule tunayemwita skripti, ambaye anaandika kila kilichopigwa: shati lilifungwa vifungo vingapi, kikombe kilikuwa mkono upi, mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Mhariri ndiye anayeunganisha mwishoni.

Kwenye filamu ndogo mtu mmoja atabeba kazi tatu, hilo halina ubaya. Lakini kama yuko mwingine wa kushika kamera, mwachie. Macho yanayohangaika na fokasi hayawezi kumwangalia mwigizaji ipasavyo. Filamu za hali halisi ni habari nyingine. Huko waongozaji wengi wanapiga picha wenyewe, na wakati mwingine ndiyo njia pekee ya kuwa karibu na watu.

Milango ya kuingilia

Hakuna njia moja. Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu wa mwaka 1950, alipitia shule ya filamu Ubelgiji. Mwaka 1987 alitoa La Vie est belle akishirikiana na Benoît Lamy, Papa Wemba akiwa mwigizaji mkuu, na mwaka 1999 akapata tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu la Ouagadougou, iitwayo Étalon ya Yennenga, kwa Pièces d'identités. Hesabu miaka iliyo katikati. Kazi hii hailipi haraka, na ni bora ujue hivyo kabla hujaacha kazi nyingine.

Dieudo Hamadi wa Kisangani alianza na masomo ya udaktari, akaingia kwenye warsha za filamu, akajifunza kwa kutenda. Mwaka 2010 kazi zake fupi ziliingia katika Congo in Four Acts, mkusanyiko wa filamu fupi nne za hali halisi. Katika mkusanyiko huo huo, Kiripi Katembo alileta filamu aliyoipigia Kipushi, jirani zetu kabisa. Na Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji, alikuja kwenye sinema kwa njia ya muziki na video za nyimbo zake. Filamu yake ndefu ya kwanza, Augure, ilionyeshwa Cannes mwaka 2023 katika kitengo cha Un Certain Regard na kupewa tuzo ya sauti mpya.

Shule, warsha, video za muziki. Kwako wewe uliyeko Katuba au Kampemba bila nauli ya ndege, warsha na video za muziki ndizo zilizo karibu. Fuatilia wasanii wa kikundi kiitwacho Picha, wanaoandaa Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa, tangu mwaka 2008, maana pale utakutana na watu wanaotengeneza picha kwa umakini. Omba kubeba nyaya kwenye upigaji wa mtu mwingine. Siku tatu za kubeba nyaya ukiwa macho zitakufundisha zaidi ya mwezi wa video za mafunzo. Na nenda kwenye maigizo; hilo nalirudia chini.

Hatua ya kwanza: hadithi inayolingana na mfuko

Ukurasa mmoja wa muswada ulioandikwa kwa utaratibu wa sinema unakaribia dakika moja kwenye skrini. Kwa hiyo andika kurasa kumi, usizidi kumi na mbili. Weka hadithi kwenye parseli moja, yaani nyumba moja na ua wake, watu wawili au watatu, mchana zaidi kuliko usiku. Kila eneo jipya ni nauli, kibali na saa mbili za kuhamisha vitu.

Juu ya kila tukio andika NDANI au NJE, mahali, na wakati. Chini yake andika tu kinachoonekana na kusikika. "Anakumbuka utoto wake" hakipigiki picha. "Anachukua picha ya zamani, anaigeuza, anaisoma nyuma" kinapigika.

Kuhusu lugha ya mazungumzo, waache watu wako waseme Kiswahili cha Lubumbashi. Mama wa komini ya Kenya, hapa hapa mjini, akisema "nilienda ku soko" anaaminika. Ukimlazimisha kusema kama kitabu cha shule, mtazamaji wa hapa atacheka pasipostahili kucheka. Wa mbali watasoma tafsiri chini ya picha.

Hatua ya pili: kuuvunja muswada

Chukua muswada, kalamu za rangi, na upitie tukio kwa tukio. Rangi moja kwa waigizaji, nyingine kwa mavazi, nyingine kwa vitu vinavyoshikwa mkononi, nyingine kwa sauti maalumu. Ukimaliza, panga upigaji kwa mahali, usifuate mpangilio wa hadithi. Matukio yote ya jikoni yapigwe pamoja hata kama moja ni la mwanzo na jingine la mwisho. Kurasa tatu hadi nne kwa siku zinatosha kwa kikosi kidogo. Anayekuambia mtapiga kumi kwa siku hajawahi kusubiri mwigizaji aliyekwama kwenye foleni ya magari.

Bajeti iandike hata kama ni ndogo. Mimi naanza na chakula na usafiri, halafu sauti, halafu kamera ya kukodi. Watu wanaofanya kazi bure au kwa posho ndogo wanavumilia mengi, lakini hawavumilii njaa. Bukari, sombe na samaki saa saba mchana, sahani ya moto: hiyo ni heshima, na heshima hiyo inaonekana kwenye kazi ya mchana wote.

Hatua ya tatu: waigizaji

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo mwongozaji anapojulikana.

Katanga ina utajiri ambao tunausahau. Kundi la Mufwankolo lilijulikana kwa michezo yake ya Kiswahili redioni, kwenye televisheni na jukwaani, na waigizaji wake walijenga mchezo kwa kujadiliana: hadithi inapangwa, kila mtu anajua anaelekea wapi, maneno yanazaliwa wanapocheza. Waigizaji wetu wengi bado wana kipaji hicho. Mwongozaji anayewapa karatasi za kukariri neno kwa neno, kisha anakasirika wakisahau, anatupa mali.

Unapochagua mwigizaji, usimpe tukio la kulia. Mpe kazi ndogo ya mikono, kumenya vitunguu kwa mfano, huku akizungumza na mtu anayemdai pesa. Angalia kama anasikiliza. Anayesikiliza utaweza kumwongoza. Anayesubiri tu zamu yake ya kusema atakuchosha.

Jukwaani mwigizaji anaifikia safu ya mwisho kwa sauti na mikono. Kwenye kamera safu ya mwisho iko nusu mita. Usimwambie "punguza"; neno hilo linamtia hofu. Mwambie amweleze mwenzake peke yake, mtoto wa chumba cha pili asisikie. Sauti itashuka yenyewe, na uso utafuata.

Chukua tukio hili. Mama anarudi jioni kutoka sokoni. Mwanawe ameuza cherehani yake ili alipe minervali, yaani karo ya shule. Rasimu ya kwanza ya mwanafunzi huwa hivi:

"Mama, nimeuza cherehani yako kwa sababu nilihitaji pesa za masomo, na ninajuta sana."
"Umenivunja moyo, mwanangu! Cherehani ile ndiyo iliyokuwa inatulisha!"

Kila kitu kimesemwa, hakuna kilichobaki cha kuchezwa. Sasa tuanze upya. Mama anaingia, anatua mzigo, ana kibiringo cha uzi mkononi, anakipeleka mezani kwa mazoea bila kutazama. Mkono unakosa mahali. Juu ya meza kuna vumbi pande zote, isipokuwa umbo safi la pembe nne pale cherehani iliposimama. Mama anatazama umbo lile. Anachukua kitambaa, anapangusa vumbi hadi meza yote inakuwa sawa.

"Ulikula?"
"Mama, niliuzisha..."
"Nakuuliza ulikula."

Mtazamaji ameelewa, na mwigizaji ana kazi ya kufanya. Kabla ya kupiga, jiulize tukio ni la nani. Kama ni la mtoto, kamera ibaki usoni mwake huku tukisikia kitambaa kikipita juu ya meza. Kama ni la mama, kaa kwenye mikono yake. Uamuzi huo ufanye nyumbani, sio jua likiwa linazama.

Halafu maelekezo. "Kuwa na huzuni" haisaidii, kwa sababu huzuni haishikiki. Mpe mwigizaji jambo analotaka kutoka kwa mwenzake. Mara ya kwanza mwambie mama: hutaki kujua, mzuie asiseme. Mara ya pili: unataka aseme mwenyewe, mngoje. Mara ya tatu: unataka aone aibu. Maneno ni yale yale, na una matukio matatu tofauti ya kuchagua wakati wa kuhariri. Maelekezo haya mnong'oneze kila mmoja pembeni. Ukimwelekeza mama mbele ya mwanawe, mtoto atacheza jibu kabla ya swali.

Fanyeni mazoezi nyumbani kwa siku kadhaa, ikiwezekana kwenye parseli yenyewe, na msimalize nguvu zote huko. Mkiona tukio limeanza kukaa vizuri, simamisheni. Likamilike mbele ya kamera.

Hatua ya nne: mahali na ruhusa

Anza na mwenye parseli, kisha majirani, kisha chefu wa mtaa, kisha komini. Andika barua fupi: kichwa cha filamu, tarehe, saa, idadi ya watu, namba ya simu. Igongwe muhuri, toa nakala kadhaa, kila mkuu wa idara awe nayo mfukoni. Polisi akija, mtu mmoja tu ndiye azungumze naye, kwa utulivu, na wengine waendelee kukaa kimya. Mtaani, salamu inatangulia kamera: "Mama, jambo, tunaomba ruhusa, tuko tunatengeneza filme hapa" inafungua mlango ambao barua peke yake haiufungui.

Kambi za jeshi, uwanja wa ndege wa Luano, gereza la Kasapa na maeneo ya migodi, usithubutu bila kibali cha maandishi. Najua kila mmoja anautaka mlima mweusi wa kampuni ya migodi ya Gécamines na bomba lake la moshi nyuma ya shujaa wake. Uliza kwanza.

Kila anayeonekana asaini karatasi ya ridhaa. Kwa mtoto, mzazi ndiye anayesaini, na awepo siku ya upigaji. Kuna pia tume ya taifa ya udhibiti wa nyimbo na maonyesho. Pita kwenye ofisi ya utamaduni ya mkoa kuulizia utaratibu kabla ya kuonyesha hadharani.

Hatua ya tano: mwanga, umeme na mvua

Kiangazi chetu, Mei hadi Septemba, ni msimu wa kupiga filamu. Mbingu ni safi, mwanga wa asubuhi na wa saa kumi jioni unapendeza nyuso zetu. Vumbi jekundu tu ndilo adui: funika kamera kati ya shoti na shoti (shoti ni kipande kimoja kinachopigwa bila kukata), na usibadilishe lenzi nje. Kuanzia Oktoba hadi Februari jua la adhuhuri linasimama juu ya kichwa na kutia giza machoni mwa mwigizaji, kwa hiyo saa hizo piga ndani au chini ya mti. Masika, mvua ikipiga mabati, mazungumzo yamekwisha.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Weka kamera kwenye picha 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila picha, 1/50 ya sekunde, la sivyo baadhi ya taa zitapepesa kwenye picha na hakuna mhariri atakayeziponya. Nyuso nyeusi zipimie mwanga zenyewe. Usiikubali hesabu ya kamera inayotazama ukuta mweupe nyuma. Kanga nyeupe au ubao uliopakwa rangi nyeupe unarudisha mwanga usoni vizuri kabisa.

Panga siku kana kwamba umeme utakatika. Taa za betri, betri za akiba zilizochajiwa usiku. Jenereta ikilazimu, iweke nyuma ya nyumba ya pili na mvute waya mrefu.

Hatua ya sita: sauti

Mtazamaji husamehe picha yenye giza kidogo. Maneno yasiyosikika hayasamehe. Usitegemee maikrofoni ya kamera. Maikrofoni ndogo ya kubandika chini ya shati, iliyounganishwa na simu mfukoni mwa mwigizaji, tayari inashinda kamera ghali iliyosimama mita tatu. Piga klapu, kile kibao cha kugonga, mwanzoni mwa kila shoti ili mhariri alinganishe. Hata makofi ya mikono yanatosha.

Kabla ya kuchagua nyumba, simama ndani yake saa ile ile mtakayopiga na usikilize kwa dakika tano. Utasikia mashine ya kusaga, kanisa la jirani, baa. Na kila mkimaliza mahali, wote wakae kimya nusu dakika mrekodi ukimya wa chumba kile. Mhariri ataziba mapengo kwa ukimya huo.

Hatua ya saba: siku ya upigaji

Fika wa kwanza. Tembea na mpigapicha mkiwa na orodha ya shoti. Waigizaji wapite tukio mara moja bila kamera, mpigapicha aangalie, taa ziwekwe, halafu mpige. Anza na shoti pana, kisha sogea karibu. Chora mstari wa kufikirika kati ya wawili wanaozungumza na kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo, ili kwenye skrini waonekane wanatazamana.

Agizo la kuanza na la kukata litoke kwa mtu mmoja. Ukikata haraka unaua zawadi: baada ya neno la mwisho, hesabu hadi tano kimoyomoyo. Mara nyingi uso wa mwigizaji husema jambo lake la kweli pale anapodhani kazi imekwisha.

Ukikasirika, toka nje. Usimfokee mtu mbele ya wenzake, hasa mwigizaji mzee aliyekubali kuja kwa sababu ya mapenzi. Papa au mama wa umri huo unamwendea, unainama karibu naye, unamwomba.

Jioni, kabla ya kula, nakili kadi kwenye diski mbili. Diski moja ilale kwako, nyingine kwa mtu mwingine. Kadi isifutwe mpaka umefungua faili na kuziona zinacheza.

Hatua ya nane: kuhariri na haki

DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha filamu nzima. Unganisha kwanza tukio zima bila muziki. Kama halisimami bila muziki, tatizo liko kwenye tukio. Kisha mwonyeshe mtu asiyekujua, ukae nyuma yake, uangalie anapogusa simu. Pale pana urefu usiohitajika. Toa, hata kama ndiyo shoti uliyoipigania kutwa.

Muziki wa mtu ombwa kwa maandishi. Rumba ya redioni haiingii hivi hivi. Haki za watunzi nchini zinalindwa na sheria, ordonnance-loi 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na SOCODA ndiyo inayokusanya haki hizo. Sheria hiyo hiyo inakulinda wewe. Mpiga gitaa wa Kamalondo aliyekutungia wimbo mpya kwa mkataba wa ukurasa mmoja atakusaidia kuliko wimbo maarufu usio na kibali.

Weka tafsiri ya Kifaransa na ya Kiingereza chini ya picha, iliyosomwa na mtu anayezimudu lugha hizo. Waamuzi wa tamasha hawatajua Kiswahili cha hapa.

Hatua ya tisa: kuionyesha na kuishi nayo

Usiiweke YouTube wiki ya kwanza. Tamasha nyingi zinataka filamu ambayo haijaonekana bure, kwa hiyo tumia kiungo chenye neno la siri. FESPACO ya Ouagadougou, iliyoanza mwaka 1969, inafanyika kila baada ya miaka miwili, miaka isiyogawanyika kwa mbili. ZIFF ya Zanzibar ipo tangu 1998 na huko lugha yako iko nyumbani. Carthage nchini Tunisia imeanza mwaka 1966. Soma masharti ya kila moja, na uanze na zisizodai ada.

Andaa faili moja ya kudumu: muhtasari wa mistari mitano, ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini wewe ndiye unayepaswa kuitengeneza filamu hii, wasifu wako, picha tatu nzuri kutoka kwenye filamu, bajeti. Ukurasa ule wa "kwa nini wewe" uandike kwa uchungu wako mwenyewe. Wasomaji wa maombi hupokea rundo la barua zinazofanana.

Mkate wa kila siku utatoka kwenye arusi, video za nyimbo, filamu za mashirika na makampuni. Usizidharau. Arusi inakufundisha kukisia uso utakaolia kabla haujalia. Ila hata kazi ya shangazi iandikiwe karatasi: kinachotakiwa, tarehe ya kukabidhi, marekebisho mangapi, nusu ya malipo kabla ya kuwasha kamera, nusu iliyobaki siku ya kukabidhi, na faili za mwisho zisitoke kwenye diski yako kabla ya nusu hiyo kufika.